Nilinunua Gari la Kasi, Mke Wangu Akashika Ufunguo

Watu wengi hudhani kwamba mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kawaida, mke na watoto watatu, hana haki ya kutamani gari la kasi. Mimi ni mtumishi wa namna hiyo. Umri wangu ni miaka 38. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha hesabu katika shule ya msingi kwa miaka saba, kisha nikahamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya. Mke wangu ni sajini wa polisi katika kikosi cha trafiki, nasi twakaa katika nyumba za polisi pamoja na jamaa wengine wengi.

Mwaka 2024 nilinunua gari lililokwisha kutumika, Subaru Impreza yenye turbo, iliyotengenezwa 2004. Nia yangu ilikuwa gari moja lifanye kazi mbili: siku za kazi linipeleke ofisini na watoto shuleni, na siku moja moja ya mapumziko linipeleke uwanjani nikajifunze kuendesha kwa kasi. Naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwafaa wale wanaotamani kama nilivyotamani mimi, wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Ya pili ni kuungama kosa nililolifanya, ambalo nusura liiletee nyumba yangu na nyumba ya mtu mwingine msiba usiosahaulika.

ASILI YA TAMAA

Tamaa hiyo niliirithi. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa polisi. Alipokuwa mtoto, katika miaka ya sitini, alisimama kando ya barabara kuyatazama magari ya mashindano ya East African Safari yakipita hapa Uganda. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo yalizizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika.

Jina ambalo baba hakuchoka kulitaja ni la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia nchini, na mwaka uliofuata, 1973, Mehta akashinda Safari akiendesha Datsun 240Z. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Baba alikuwa akituambia kwa mshangao kwamba Datsun ile ilikuwa gari la milango miwili lililouzwa madukani. Mtu mwenye fedha zake angeweza kulinunua, akaenda nalo ofisini Jumatatu.

Sisi wa kizazi changu tulikuta Subaru Impreza. Mwaka 1995 Colin McRae wa Uingereza alipata ubingwa wa dunia kwa gari hilo, na kampuni yenyewe ikawa bingwa wa watengenezaji kwa miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Mwaka 1999 Mganda mwenzetu, Charles Muhangi, alipotwaa ubingwa wa Afrika, nilikuwa mvulana wa shule, na hapakuwa na mvulana darasani mwetu ambaye hakuchora gari katika daftari lake la hesabu.

SHAURI LA NYUMBANI

Nilipomweleza mke wangu nia yangu, hakunicheka wala hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu: “Baba Sanyu, na mabati je?”

Tulikuwa tumejenga kuta za nyumba yetu huko Mukono, na kwa misimu miwili ya mvua kuta zile zilikuwa hazina paa. Fedha tulizokuwa nazo zingetosha jambo moja. Nami nilijua jibu kabla sijafungua kinywa. Tulipaua nyumba kwanza, na gari likangoja mwaka mmoja na miezi minne. Leo nafahamu kwamba kungoja huko kulinifaa, maana mtu mwenye haraka ya kununua ndiye chakula cha madalali.

Fedha zilipopatikana tena, shilingi milioni 24, mke wangu aliniwekea masharti matatu. Sharti la kwanza, nisilipe chochote kabla fundi ninayemwamini hajalikagua gari. La pili, robo ya fedha ibaki kwa matengenezo, na matengenezo hayo yaanze kwa breki na matairi. La tatu, kasi ya uwanjani ibaki uwanjani.

Alisema, “Mimi nikiitwa usiku, siitwi kwenda kuitazama injini. Naitwa kupima alama za breki kwa utepe, na kuandika majina. Sitaki kuandika jina lako.”

Niliyakubali yote matatu. Mawili niliyatimiza, ingawa la kwanza halikukosa dosari. Ama la tatu, nitaeleza.

GARI LA BULUU

Gari la kwanza nililoliona lilikuwa la rangi ya buluu, magurudumu yake ya dhahabu, kama lile la McRae. Moyo ulinidunda. Dalali alisema kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni, nami kwa upumbavu nikampa laki tatu za kulishikia, kabla hata fundi hajafika.

Fundi wangu ni sajini mstaafu wa jeshi, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana. Alipofika hakulizunguka gari kama nilivyofanya mimi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akatulia, akasema, “Mwalimu, gari hili limewashwa kabla hatujaja.”

Akanieleza kwamba injini iliyochakaa hupiga kelele zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kwa hiyo muuzaji mjanja huipasha moto kwanza. Kisha akafungua buti, akainua zulia na mahali pa tairi la akiba, akanionyesha mistari ya kuchomelea. Gari lilikuwa limegongwa kwa nyuma vibaya sana, likanyooshwa na kupuliziwa rangi. Hatimaye akaniambia nisome tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Zilisomeka 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Matairi yalikuwa na meno mazuri, lakini mpira wake ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kiatu kilichoachwa juani.

Tuliondoka. Laki tatu zangu hazikurudi hata leo. Nazihesabu kuwa karo ya shule.

GARI LA KIJIVU

Hapa nchini, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo mtu atakaye gari la mwaka 2004 hana budi kulitafuta ndani ya nchi, mikononi mwa watu waliolitumia, na jambo la kwanza la kuuliza ni historia yake. Rangi hupulizwa kwa siku mbili, lakini daftari la matengenezo huandikwa kwa miaka.

Baada ya miezi mitatu nilimpata mtumishi mwenzangu aliyekuwa akikaribia kustaafu. Gari lake lilikuwa la kijivu, limepauka kidogo, na kiti cha dereva kimechanika. Lakini alikuwa na daftari. Kila alipobadilisha oili aliandika tarehe na kilomita. Tulihakikisha kwamba namba ya chasisi na ya injini zalingana na kadi ya gari, na kwamba gari halidaiwi wala halitafutwi na polisi. Nawasihi wasomaji wasiliruke jambo hilo, hata kama muuzaji ni jirani.

Mzee wangu alilikagua kwa saa tatu. Injini ya Subaru si kama ya magari mengi. Pistoni zake nne zimelala ubavu, mbili upande huu na mbili upande ule, na uzito hukaa chini, jambo linalolisaidia gari kutulia kwenye kona. Nguvu huenda kwenye magurudumu yote manne. Basi alitazama mambo haya:

Aliiwasha injini ikiwa baridi kabisa, akasikiliza kama kuna mgongano wa chini unaofuata mapigo ya injini. Alitazama moshi, kwani moshi wa kibuluu maana yake oili inaungua, na moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imekwisha pata moto huashiria maji yanayoingia pasipotakiwa. Alipima mgandamizo wa kila silinda. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa, kuona kama maji yana utando wa oili. Aliuliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa sababu katika injini hiyo mkanda ukikatika, vali na pistoni hugongana, na injini huharibika kwa dakika moja. Hatimaye alilala chini ya gari kutafuta oili inayovuja, mipira iliyokatika na shokomzoba zilizochoka.

Mkanda ulikuwa umekaribia kilomita 100,000, nao hubadilishwa ufikapo hapo. Hilo lilitusaidia kupunguza bei, nikalipa milioni 18. Milioni sita zilizobaki zilikwenda kwa mkanda mpya na pampu ya maji, pedi na diski za breki za mbele, mafuta mapya ya breki, na matairi manne mapya ya aina moja. Nasema manne kwa makusudi. Gari linalovutwa na magurudumu yote halipendi matairi ya ukubwa au uchakavu mbalimbali, kwa kuwa yanalazimisha gia za ndani kusuguana bila kupumzika. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu kadiri miaka ipitavyo. Yakipata moto mkali, maji yaliyomo huchemka, na mguu wa dereva hukanyaga pasipo kitu.

MAISHA YA KILA SIKU

Nisiwadanganye wasomaji kwamba gari la namna hii ni rahisi kuishi nalo. Mjini, kwa lita moja ya petroli nakwenda kilomita nane au tisa tu. Injini hizi za turbo zilizouzwa Japani zilikusudiwa petroli ya daraja la juu, basi sithubutu kutia ya bei nafuu. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000. Baada ya mwendo mkali naiacha injini ikizunguka polepole kwa dakika moja kabla ya kuizima, ili turbo ipoe. Matuta ya barabarani nayavuka kwa upole kama mtu abebaye mayai.

Kwa upande mwingine, gari lina milango minne na buti la kutosha magunia mawili ya mkaa. Binti yetu Sanyu hukaa nyuma na wadogo zake, mikanda imefungwa. Jirani mmoja wa jeshi alilitazama akasema, “Mwalimu, hili ni gari la familia lililovaa sare ya vita.” Sikuona maneno ya kumpinga.

SIKU YA BUSIIKA

Mwaka 2025 rafiki yangu alinialika kwenye siku ya mazoezi katika uwanja wa Busiika, wilayani Luwero, ambako magari na pikipiki hushindana kwenye njia ya udongo. Kabla ya kuingia, gari lilikaguliwa: breki, mikanda, betri kama imefungwa barabara, kizima moto. Nilivaa kofia ngumu ya kuazima. Vitu vyote vilivyolegea tulivitoa, hata mwavuli wa mke wangu na kiatu kimoja cha mtoto kilichokuwa kimepotea wiki tatu.

Nilidhani najua kuendesha. Mzunguko wa kwanza niliingia kona ya pili kwa haraka mno, gari likateleza, nikajikuta natazama nilikotoka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu uwanjani hakuna gari linalokuja mbele yako, hakuna mtembea kwa miguu, hakuna ng'ombe. Msichana mmoja mwenye Toyota Starlet kuukuu alinipita kwa sekunde nyingi kiasi kwamba sikutaka kuzihesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumaliza breki kabla ya kona na kutazama ninakokwenda badala ya kutazama ninachokiogopa.

Kufikia jioni nilikuwa nimejifunza mengi kuliko katika miaka 15 ya kuendesha. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye chujio la hewa, nami nilikuwa nimejaa kiburi.

KOSA LANGU

Nilirudi kwa barabara ya Zirobwe kwenda Gayaza, jua likielekea kuzama. Kijana mwenye gari kama langu alinikaribia kwa nyuma, akaniwashia taa, akanipita akicheka. Sharti la tatu la mke wangu nililikumbuka vizuri kabisa. Hata hivyo nilishusha gia nikakanyaga.

Nilipotupa macho kwenye dashibodi, mshale ulikuwa kwenye 110. Hapo ndipo, mbele yetu, baada ya gari la yule kijana kupita, mtoto wa kike alishuka kwenye tuta la udongo akaanza kuvuka barabara. Alikuwa na umri wa miaka kama minane, na kichwani alibeba dumu la maji la manjano. Alikuwa amengoja gari lile lipite. Hakudhani kwamba kuna jingine la mwendo ule ule nyuma yake.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilitetemeka, likaenda, likaenda, likasimama. Kati ya boneti na yule mtoto palikuwa na hatua mbili.

Alilishusha dumu chini. Nami nilipofungua mlango, yule mtoto, kwa adabu aliyofunzwa na wazazi wake, alipiga magoti kando ya lami akaniamkia kama watoto wa kikwetu wanavyowaamkia wakubwa.

Sikuweza kuitika. Nilimwinua, nikalibeba dumu mpaka kwao, nikamkuta bibi yake akipepeta maharagwe. Nilimwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninao watatu. Akasema, “Basi nenda kwao, mwanangu, lakini nenda polepole.”

KIPIMO CHA SAJINI

Usiku ule nilimweleza mke wangu kila kitu. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Hakusema neno hadi asubuhi.

Siku yake ya mapumziko tulikwenda pamoja mahali pale, yeye akiendesha. Alitaka nimwonyeshe nilipokuwa nilipomwona mtoto, na niliposimama. Palikuwa na mwembe, basi sikukosea. Alitoa utepe wake wa kazi akapima, kana kwamba napimiwa kesi. Mita 88.

Kisha akanipa kalamu. “Wewe ni mwalimu wa hesabu. Fanya hesabu.”

Nilifanya. Kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, gari hupita zaidi ya mita 30 kila sekunde. Sekunde moja hupotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Mita zilizosalia ni za breki zenyewe. Kama ningekuwa nakwenda kilomita 50 kwa saa, ningepoteza mita 14 katika sekunde ile, na kama 12 hivi katika breki. Ningesimama kwa mita 26, na yule mtoto angevuka bila hata kugeuza shingo. Kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne. Somo hilo nililifahamu tangu chuoni, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza lilipokuwa na uso wa mtu.

Nikauliza, “Na kama ningekuwa na matairi ya lile gari la buluu?”

Mke wangu alikunja utepe. “Usiniulize mimi jambo unalolijua, Baba Sanyu.”

Kwa miezi mitatu nilikwenda kazini kwa teksi, na watu kambini walipouliza habari za gari, nilisema liko nyumbani, mimi ndiye ninayetengenezwa. Baada ya hapo ufunguo ulirudi. Nimekwenda Busiika tena mara mbili, na mara zote mbili mke wangu ndiye aliyeendesha kurudi, maana tumeafikiana kwamba mtu aliyetoka kwenye mbio hafai kushika usukani wa barabara jioni ile ile. Damu yake bado ina moto. Naamini ndugu zetu askari waliowahi kurudi kutoka kazi ya hatari walifahamu neno hilo kabla yangu.

Basi, ndugu msomaji, ukitamani gari la kasi, sikukatazi. Paua nyumba kwanza. Gusa boneti kabla ya kutoa fedha. Soma tarakimu za tairi, acha robo ya fedha kwa breki, na mtafute fundi asiyekuonea haya. Kisha itafute njia iliyotengwa kwa kasi, uende huko ukashindwe na wasichana wenye Starlet. Lakini barabara hii ya kwenda sokoni na shuleni ni ya watoto wenye madumu kichwani. Huyo wangu alipona kwa hatua mbili, na mimi pamoja naye.